Katibu wa Kikosi cha Alfajiri

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Lifti mbovu tena, nimepanda ngazi zote na viatu mkononi, lakini leo sijamtukana mwenye jengo hata kidogo. Leo nina furaha mpaka chakula kimenishinda.

Tumetoka kwenye kikao cha mutuelle. Mutuelle yetu ni ya watu wa Uvira, Kongo, tulioko Durban, ile ya kuzikana, kuozana na kupokea wageni. Kila tarehe 16 Desemba, kwa kuwa ni siku ya mapumziko, tunawafanyia watoto sikukuu, na kila mwaka ni yale yale: soda, biskuti na hotuba. Watoto wanalala kwenye viti. Sasa leo Papa Josias, mwenyekiti wetu, amesimama akatangaza kwamba mwaka huu tutawaletea Kikosi cha Alfajiri.

Watu wakatazamana. Ikabidi aeleze. Alipokuwa mtoto, kwa mapadri kulikuwa na vitabu vya picha vya zamani vya Amerika, vilivyochapwa wakati wa vita vya Hitla. Ndani yake iko timu ya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Wanakutana mezani, wanagawana kazi, kila mmoja anakwenda kupambana kivyake, halafu wanarudi mezani kutoa ripoti na kumkamata adui, Dokta Kutu, ambaye akigusa chuma kinaoza. Mashujaa ni Nahodha Alfajiri, Ngumi ya Shaba, Bwana Ukungu na mwanamke mmoja tu, Binti Radi. "Huyo Binti Radi ndiye mwenye nguvu kuwapita wote," Papa Josias akasema. "Ananyanyua treni!"

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Uvira nilicheza judo tangu msichana mdogo, nikafika mkanda wa kahawia kabla vita havijatufukuza. Hapa nasuka nywele. Sijamtupa mtu chini miaka mingi na mikono inaniwasha.

"Colette, mwanangu, huyo ni wewe," akasema, na watu wakapiga makofi. Nilipoingia mji huu na begi moja, ni yeye na mkewe walionipa kitanda sebuleni kwao mpaka nilipopata kiti cha kusukia. Sijawahi kumwambia hapana.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Wateja wachache. Jioni nimefanya mazoezi ya kuanguka juu ya godoro mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa fagio.

Jumapili, 12 Oktoba

Mazoezi ya kwanza, Mobeni, kwenye gereji anakofanya kazi Papa Josias ya kunyoosha bodi za magari. Bosi wake anamwachia ufunguo Jumapili. Bati linavuja katikati, wameweka ndoo.

Nimefika wa kwanza, nimejifunga nywele, nimepasha mwili moto. Nikakuta meza na viti. Papa Josias, ambaye ndiye Nahodha Alfajiri, akakaa kichwani. Peguy akapewa Ngumi ya Shaba. Huyu ni mtoto wa dada yake Papa Josias, mlinzi wa usiku, kifua mbele kama jogoo. Méthode, anayelinda magari kule ufukweni, akapewa Bwana Ukungu. Mimi nikapewa kalamu ya bic.

Nikauliza, "Hii ya nini?"

"Binti Radi ni katibu wa kikosi," Papa Josias akasema. "Wenzake wakienda vitani yeye anabaki mezani, anaandika."

Nilicheka. Nikaona nacheka peke yangu.

"Na treni?"

"Treni gani?"

"Ile anayoinyanyua, papa. Anainyanyua saa ngapi kama amekaa anaandika?"

"Nguvu anazo," akasema kwa upole, kana kwamba ananituliza. "Anazo tu. Ku kitabu iko hivyo."

Wanaume wakaenda kupigana na hewa mchana kutwa. Mimi mstari wangu ni mmoja: "Nendeni salama, mashujaa." Nimeusema mara nyingi mpaka mate yakakauka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimemsimulia Laetitia, rafiki yangu anayesuka kwenye kiti cha pembeni yangu. Akacheka mpaka chanuo likamtoka mkononi.

"Weye ulifikiri watakuachia upige wanaume mbele ya wake zao? Wacha tu, dada. Ni mchezo wa watoto."

Wacha tu. Kila kitu kwake ni wacha tu. Mteja akiondoka na nywele nusu, wacha tu. Kama ni mchezo tu, mbona wao hawaachi?

Jumapili, 19 Oktoba

Mobeni. Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Leo nimeelewa kwamba Papa Josias hakuchukua kikosi kwenye kitabu, amechukua kikao chetu cha mutuelle akakivalisha joho. Tunaanza kwa sala. Halafu anasema, "Katibu atusomee PV," yaani kumbukumbu za kikao kilichopita. Nasoma. Nauliza, "Iko marekebisho?" Wanajibu, "Ipite!" Ndipo Nahodha Alfajiri anapotuma watu vitani. Nikamuuliza kama Waamerika nao walisoma PV kwanza kabla ya kuokoa dunia. Akanikazia macho.

"Kikao bila PV si kikao, Colette. Ni kijiwe. Na neno la PV likishapita, limepita. Hata mimi silifuti."

Kila shujaa akirudi anatoa ripoti. Ripoti ya Peguy ni ndefu kuliko vita vyake. Anamshukuru mwenyekiti, anaishukuru kamati, anawashukuru wazazi. Dunia inaoza kwa kutu na yeye anashukuru.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Maji ya bomba hayapo. Yaani haya mawili kwa siku moja.

Jumapili, 2 Novemba

Ugomvi wa kaptula. Mashujaa wa zamani, kumbe, walivaa suruali ya kubana halafu kaptula fupi juu yake. Méthode amegoma kabisa.

"Miye baba ya watoto wanne, nivae chupi juu ya suruali mbele ya mama mkwe wangu? Jamais, kamwe!"

Papa Josias hakubishana hata dakika. "Basi, tutabadilisha. Tutafunga kitenge kiunoni."

Peguy naye hakutaka Ngumi ya Shaba, asipopigana, awe mfanyakazi wa benki kama kwenye kitabu. Amefanywa daktari. Ikabadilishwa. Dokta Kutu alikuwa jasusi wa Wajerumani. Sasa ni tajiri anayeiba nyaya za umeme. Ikabadilishwa. New York imekuwa Durban, bandari ni hii hii tunayoiona dirishani.

Nimerudi nyumbani nimekaa kitandani na koti lililolowa. Wamebadilisha kaptula kwa sababu Méthode anamwonea haya mama mkwe. Mimi haya zangu ziko wapi?

Jumamosi, 8 Novemba

Jambo ambalo sikulitegemea. Deusdedit amekuja saluni.

Huyu ni Mtanzania wa Kigoma, dereva wa gari la kusambaza samani. Si mwanachama wa mutuelle. Wamemchukua awe Dokta Kutu kwa sababu hakuna mtu wa Uvira aliyekubali kuwa mbaya. Tangu mwanzo nilimwona mnafiki, maana wakicheka anacheka na wao.

"Dada Colette, samahani," akasema, kofia mkononi. "Mimi ndiye nitakayepigwa na kila mtu. Nikiwatazama wale, hakuna anayejua kumwangusha mwenzake. Wataniua. Naomba unifundishe kuanguka."

Tumekwenda bustanini hapo Albert Park, kwenye nyasi mbichi, wazee wa bao wakitushangaa. Kidevu kifuani, mkono upige chini, pumua. Akaanguka kama gunia la viazi mpaka alipozoea. Halafu akaniambia nimtupe kweli. Nikamtupa. Aisee! Nilikuwa nimesahau kwamba mwili wangu unaweza kuimba hivi. Akalala pale kwenye matope anacheka, "Kumbe treni ni mimi!"

Nimemkosea yule kaka kwa mawazo yangu.

Jumapili, 16 Novemba

Nimerudi sasa hivi kutoka hospitali.

Leo asubuhi Mobeni nilisimama kabla ya sala nikaomba ruhusa kwa adabu zote. Nikasema, papa, mnaruka kutoka mezani, mnasukumana, na hakuna anayejua kutua. Nipeni nusu saa niwafundishe kuanguka. Mtu mzima akiangukia bega vibaya anavunjika.

Peguy akapiga meza. "Secrétaire atufundishe kuanguka? Miye nataka kufundishwa kushinda!" Méthode akacheka. Papa Josias akatazama saa. Akasema, "Tutaliona kikao kijacho." Maneno hayo nayajua. Ni kaburi la mambo yote ninayoyasema.

Basi wakaendelea. Pale Ngumi ya Shaba anapomrukia Dokta Kutu, Peguy akapanda mezani. Chini walitandika maboksi yaliyofunguliwa, na maboksi yalikuwa yamelowa kwa lile bati. Niliona. Nikapiga kelele, "Peguy, sakafu inateleza!" Akanionyesha kiganja, nyamaza. Akaruka. Boksi likateleza na mguu, akaja chini kwa bega, na ule mlio wa mfupa niliusikia nikiwa nimekaa.

Wanaume wote wakasimama kama milingoti. Papa Josias anasema "Yesu, Yesu." Ni mimi niliyeruka meza. Nikamzuia asijiinue, nikachukua joho la Nahodha Alfajiri nikamfunga mkono kifuani, nikamwambia apumue na mimi. Deusdedit akaleta gari. Njia nzima Peguy alinishika vidole akilia, "Usiniache, dada, usiniache." Dada, sasa. Mfupa wa bega umevunjika.

Hasira yangu haijui imwendee nani. Nilimwonea huruma na nilitaka kumzaba kibao, vyote kwa pamoja.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua. Hakuna aliyepiga simu kusema asante. Si lazima. Lakini hakuna.

Jumapili, 23 Novemba

Kikao cha dharura cha mutuelle. Ajenda: nani achukue nafasi ya Peguy.

Nimesimama. Nimesema yote, na nayaandika hapa kwa sababu kwenye PV, ambayo nayo naandika mimi, wataniambia niyafupishe. Nimesema: "Mmebadilisha nguo. Mmebadilisha nchi, mmebadilisha adui, mmebadilisha rangi ya kikosi kizima, maana kwenye kile kitabu hakuna hata mmoja aliyefanana na sisi. Yote yalibadilika bila kura. Kitu kimoja tu kimewashinda: mwanamke kuinuka kwenye kiti. Mimi najua kupigana. Mimi najua kuanguka. Watoto wamebakiza wiki tatu. Nipeni nafasi ile."

Bwana mmoja wa nyuma akasema, "Anaongea kwa uchungu," kama vile uchungu ni ugonjwa. Wakapiga kura.

Nafasi amepewa Cédric. Cédric ni kinyozi, hajawahi kuja kwenye mazoezi hata siku moja, na hakuwepo kwenye kikao. Aliyenyoosha mkono kwa ajili yangu ni Deusdedit peke yake, na wakamwambia si mwanachama, hahesabiwi. Laetitia alikuwa ameketi mstari wa mbele. Alikuwa anaangalia simu.

Halafu, naapa hawakuona hata kinachochekesha, Papa Josias akasema, "Cédric ni mwembamba. Colette atatusaidia kupunguza nguo."

Jumatano, 26 Novemba

Papa Josias amekuja kwangu mwenyewe, amepanda ngazi zote na magoti yake mabovu. Nimemchemshia chai. Akapuliza kikombe.

"Umenikasirikia, mwanangu."

"Ndiyo, papa."

"Sikia. Méthode anashinda juani kuonyesha magari ya watu njia, wanamrushia sarafu dirishani bila kumtazama. Peguy anasimama getini usiku kucha, anatukanwa kwa lugha zote. Miye bosi wangu ni kijana mdogo, ananiita boy. Nina miaka hamsini na nne! Watoto wetu wanaona hayo yote, Colette. Miye nataka siku moja, moja tu, wawaone baba zao wanashinda. Nakuomba utupe siku hiyo."

Machozi yalinijia. Ni kweli kila neno. Nampenda yule mzee, na kwa dakika nzima nilikuwa tayari kusema basi, papa, nitakaa.

Lakini nikamuuliza, "Na mama zao wanatukanwa na nani? Mimi wananiitaje pale robot, kwenye taa za barabarani, nikivuka na mafurushi ya nywele? Watoto hawayaoni hayo? Mnataka kupumzika kudharauliwa, sawa. Mbona kiti mnachopumzikia ni mgongo wangu?"

Akaweka kikombe chini. Akasema, "Baada ya sikukuu tutaliongea." Akashuka ngazi polepole, na mimi sikumsindikiza. Sijawahi kukosa kumsindikiza.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua. Nimekwenda mazoezini. Nendeni salama, mashujaa.

Jumatano, 3 Desemba

Laetitia ameniomba msamaha akisuka, bila kunitazama. "Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Ningenyoosha mkono, ningelala wapi?" Nilitaka kumjibu vibaya. Nikatazama vidole vyake vinavyokwenda haraka haraka kwenye kichwa cha mteja, nikaona naye amefungwa mkono kifuani, tofauti ni kwamba hakuna aliyemwona akianguka. Tumekula chipsi pamoja. Hasira iko pale pale ila kwake imepungua.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimepunguza nguo ya Cédric. Sindano mbili zimevunjika.

Jumanne, 16 Desemba

Nimerudi. Sijavua buti. Nje maji yanamwagika kama mtu amesahau bomba.

Ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka madirishani. Watoto mbele sakafuni, wazazi viti vya nyuma, Mama Josias, mke wa mwenyekiti, na kitambaa chake cha kichwa cha sikukuu. Peguy yupo, mkono bado umefungwa. Jukwaani meza, na zulia la madhabahuni limetandikwa. Tukaingia kwa muziki, watoto wakapiga yowe kama wamemwagiwa maji. Papa Josias na jua la dhahabu kifuani, Méthode na kitenge, Cédric anahema kwa woga. Mimi na radi ya kitambaa cha fedha niliyoshona mwenyewe, na bic.

Sala. Halafu sauti ya mwenyekiti: "Katibu atusomee PV."

Nilisimama. Naapa sikuwa nimepanga. Karatasi ilikuwa mbele yangu, maneno niliyoyasoma kila Jumapili. Kwenye mstari wa mbele kulikuwa na wasichana watatu wamejichora radi mashavuni kwa rangi ya mdomo ya mama zao. Hawakuwa wanamtazama Nahodha Alfajiri. Walikuwa wananisubiri mimi. Nikawaza, sasa hivi nitawaambia nendeni salama, mashujaa, halafu nitakaa.

Nikasoma kwa sauti kubwa: "Kikao kilichopita kiliamua: mwenyekiti na wanachama wabaki kulinda meza. Dokta Kutu akamatwe na Binti Radi." Nikawageukia watoto wote. "Iko marekebisho?"

Watoto wa mutuelle wamezaliwa vikaoni, wamenyonyeshwa vikaoni. Wakajibu kwa pamoja, ukumbi ukatikisika: "IPITE!"

Neno la PV limepita, hata mwenyekiti halifuti. Nikazunguka meza. Papa Josias akainuka akiwa bado anatabasamu kwa ajili ya watu, akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, nguvu ya mtu anayenyoosha vyuma.

"Kaa chini, Colette," akanong'ona.

"Niachie, papa."

Akanivuta kuelekea kwenye kiti.

Mwili haukuniuliza. Alipovuta nilikwenda naye, nikageuka, nyonga ikaingia chini ya tumbo lake, na Nahodha Alfajiri akapita juu yangu na joho lake lote. Sikuachia mkono wa nguo yake. Anayetupa ndiye anayemlinda anayetupwa, ndivyo tulivyofundishwa; unamshikilia mpaka mwisho kichwa kisiguse chini. Hakikugusa. Alitua chali juu ya zulia taratibu kama mtu aliyelazwa.

Mvua ilisikika kwenye bati. Mama Josias alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Nimemtupa mtu aliyenipa kitanda! Nilitafuta majuto ndani yangu, na yalikuwepo, lakini yalikuwa madogo, na hasira ilikuwa imeyakalia.

Papa Josias akatazama dari. Akatazama watoto. Halafu, bado amelala, akatoa ile sauti yake ya vikaoni:

"Katibu aandike: mwenyekiti ameanguka."

Watu wazima wakaangua kicheko, lo, kicheko cha kushusha pumzi. Méthode akacheka, Cédric akacheka, mabwana wa nyuma wakapiga mapaja. Kila kitu kilikuwa kinarudi mahali pake. Yeye yuko chini na bado anaongoza kikao. Mimi nimesimama na bado natakiwa kuandika. Wale wasichana watatu hawakucheka. Walikuwa wanatazama mkono wangu.

Nikainama, nikamwekea bic kifuani, juu ya lile jua la dhahabu.

"Andika mwenyewe, papa."

Nikaruka meza kumfuata Dokta Kutu.